Butembo na Beni: Njia ya mashamba ya mbali ikifungwa, udongo wa karibu ndio unaolipa

BUTEMBO – Siku za soko, kabla jua halijapanda vizuri, malori ya Fuso huingia mjini yakitoka upande wa Masereka, Luhotu na Kipese, yamejaa viazi ulaya, kabichi na vitunguu. Nyuma yake huja pikipiki zenye magunia, chukudu zinazoteremka kwa breki ya kiatu, na akina mama waliobeba vikapu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mchuuzi akiona lori limejaa husema msimu ni mzuri. Mtu aliyesoma udongo huona jambo la pili: kilima kinachohamia mjini kidogo kidogo.

Hesabu yake si ngumu. Tani moja ya viazi ulaya huondoka shambani na kilo 3 hadi 4 za naitrojeni na kilo 5 hivi za potashi. Lori la tani 10 basi limebeba kilo 50 za potashi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya NPK 17-17-17 una kilo 8.5 tu za potashi ndani yake. Kurudisha kilichoondoka na lori moja, kwa upande wa potashi peke yake, kunahitaji karibu mifuko sita.

Ni nadra mifuko hiyo kuandikwa kwenye daftari la mkulima kama gharama, kwa sababu hakuna mtu anayekuja mlangoni kuidai. Anayedai ni shamba, na hudai polepole: viazi vidogo zaidi msimu huu, vidogo tena msimu unaofuata, kisha maharagi yanayogeuka manjano kabla ya kuchanua.

Si udongo wa volkano

Watu wengi wakisikia udongo wa Kivu Kaskazini hufikiria ardhi nyeusi ya Rutshuru na Masisi, iliyorutubishwa na majivu ya Nyiragongo na Nyamulagira. Milima ya Butembo na Lubero haiko hivyo. Hapa mwamba ni wa zamani sana, umeoza na kusafishwa na mvua kwa muda mrefu, na rutuba iliyobaki imekaa katika tabaka la juu tu, lile jeusi lenye mabaki ya majani. Likichukuliwa na maji, chini yake kuna udongo mwekundu wa mfinyanzi, mchachu na wenye chakula kidogo.

Uchachu huo ndio unaowachanganya wengi. Kipimo cha asidi cha udongo, kinachoitwa pH, kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi hufungwa ndani ya udongo mmea usiweze kuifikia. Mkulima ananunua mbolea kwa bei kali, anaiweka, na haoni tofauti. Anahitimisha kwamba ameuziwa mbolea bandia. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi mbolea ni nzima, na kilichokosekana ni chokaa, au hata majivu ya jikoni, ambayo hupunguza uchachu na yana potashi pia. Wazee waliomwaga majivu chini ya migomba nyuma ya nyumba hawakuwa wanatupa takataka.

Zamani kulikuwa na njia ya kukwepa deni hili. Shamba lilichoka, likaachwa lipumzike. Familia ilikua, vijana wakateremka: upande wa magharibi kwenye misitu ya Bapere, kaskazini kuelekea Beni-Mbau, mashariki kwenye bonde la Semuliki. Bonde hilo lilianza kufungwa mapema. Hifadhi ya taifa, ambayo leo inaitwa Virunga, ilianzishwa mwaka 1925, na katika miaka ya 1930 wakoloni waliwahamisha watu kutoka sehemu za Semuliki kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Hata hivyo magharibi na kaskazini zilibaki wazi, na kwa vizazi kadhaa zilikuwa pumzi ya milima iliyojaa watu.

Pumzi hiyo sasa imebanwa. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yameikumba Beni na vijiji vyake, na wengi waliouawa walikutwa mashambani au njiani kurudi. Mwaka 2024 mashambulizi yalisogea hadi sekta ya Bapere, wilayani Lubero. Septemba 2025 makumi ya watu waliuawa Ntoyo, katika eneo hilohilo la upande wa Manguredjipa, wakiwa matangani. Upande wa kusini, M23 waliingia Kanyabayonga Juni 2024 na kuiteka Goma Januari 2025, mji uliokuwa ukila sehemu kubwa ya viazi na maharagi ya Lubero. Bidhaa zinazoteremka huko leo zinavuka mstari wa vita.

Vifo ndivyo vinavyohesabiwa kwanza, na ni haki. Lakini kuna hesabu nyingine nyuma yake. Aliyekimbia Bapere au Eringeti anafika Butembo, Oicha au mji wa Beni akiwa na jembe na watoto, na anatafuta kipande cha kukodi karibu na barabara, mahali anapoweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya jioni. Wenyeji nao wameacha mashamba ya mbali. Wote wanabanana kwenye ardhi ileile, misimu miwili kila mwaka, bila kuipumzisha.

Mpangaji wa msimu mmoja

Ikweta hupita kati ya Butembo na Lubero, hivyo mvua hapa ni za mara mbili. Msimu A hupandwa kuanzia Septemba, msimu B kuanzia Februari. Mpangaji wa shamba mara nyingi hupewa mmoja tu, kwa maneno ya mdomo, na kuendelea kwake kunategemea moyo wa mwenye ardhi.

Hapo ndipo mafunzo mengi ya kilimo yanapokwama. Mwalimu anafika na maneno mazuri: panda majani kwa mstari wa kukata mteremko, chimba mifereji, weka samadi, panda miti ya kivuli. Kila neno ni sahihi. Ila mstari wa setaria au tripsacum uliopandwa leo huchukua miaka miwili au zaidi kukusanya udongo na kutengeneza ngazi. Samadi huliwa na mmea sehemu tu msimu wa kwanza, na sehemu nyingine misimu inayofuata. Mpangaji ana miezi mitano. Akipanda uzio, atakayevuna udongo ni mwingine, na shamba likionekana zuri kuna hatari ya kupandishiwa kodi au kuambiwa mtoto wa mwenye shamba amerudi. Kwa hiyo analima maharagi au viazi, anang'oa kila kitu, anaondoka. Kumwita mvivu au mjinga ni kukosea hesabu. Amepiga hesabu yake vizuri kabisa.

Desturi za Wanande zilikuwa na namna ya kufunga uhusiano huu. Aliyepewa ardhi na mwenye mlima alitoa muhako, malipo ya heshima, aghalabu mbuzi au sehemu ya mavuno, na kwa malipo hayo alikuwa na uhakika wa kukaa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, lakini kwenye vilima vya Baswagha, Bashu na Batangi bado mwami na wakuu wa ukoo ndio wanaojua mpaka uko wapi. Kati ya sheria hizo mbili mpangaji mpya hana hata moja inayomshika mkono. Shirika la wakulima la SYDIP, lenye makao yake Butembo, limekuwa likishughulikia migogoro ya ardhi vijijini, na LOFEPACO, muungano wa vyama vya wanawake wakulima, limekuwa likipigania mwanamke apate shamba na mkopo bila kupitia jina la mume.

Lililo ndani ya uwezo wa watu wawili ni karatasi moja. Mkataba wa misimu minne au sita, umeandikwa mbele ya mkuu wa kijiji na mashahidi, ukisema mpangaji atapanda mistari ya majani na kodi ya msimu wa kwanza au wa pili itapunguzwa kwa kazi hiyo. Mwenye ardhi anapata kilima ambacho hakijateremka mtoni. Mpangaji anapata muda wa kula samadi aliyoibeba mwenyewe.

Miti mitatu na jiwe

Kazi yenyewe haitaki mashine. Ili kupata mstari usiopanda wala kushuka, mkulima hufunga miti miwili mirefu juu, na mmoja mfupi katikati, umbo la herufi A. Kamba yenye jiwe huning'inizwa kutoka juu. Mahali kamba inapogusa mti wa katikati miguu yote miwili ikiwa sawa huwekwa alama. Baada ya hapo kifaa hutembezwa shambani mguu kwa mguu. Kila kamba inapotulia kwenye alama, kijiti huchomekwa. Vijiti vikiunganishwa hutoa mstari wa kupanda majani au kuchimba mfereji. Kwenye mteremko mkali mistari hukaribiana.

Wazee wa Lubero wanaijua mifereji. Enzi za Wabelgiji ilichimbwa kwa amri, na asiyechimba aliadhibiwa. Uhuru ulipokuja, watu wengi waliiacha kwa furaha, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Jambo la ajabu ni kwamba leo mmea unaosaidia zaidi haukuletwa na amri ya mtu yeyote: tithonia, lile jani chungu lenye maua ya njano linaloota kando ya barabara na kwenye mipaka ya viwanja. Watafiti waliolipima magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 walikuta majani yake makavu yana takribani asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potashi. Hukatwa mabichi, hukatwakatwa, hufukiwa kwenye shimo au mfereji wa kupandia wiki moja au mbili kabla ya mbegu. Kasoro yake ni uzito. Kubeba majani mabichi ya kutosha shamba zima ni kazi ya siku nyingi, na mara nyingi ni kazi ya mama na mabinti. Ndiyo maana inafaa kwanza kwa kabichi, vitunguu na viazi, mazao yanayolipa jasho hilo, na ipandwe kwenye mpaka wa shamba lenyewe.

Maharagi ya kupanda mitini nayo hurudisha kitu, kwa kuwa mizizi yake huvuta naitrojeni kutoka hewani. Yanataka vijiti, na vijiti Butembo maana yake ni mikaratusi, ambayo imevaa karibu kila kilima. Mkaratusi unalipa: mbao, makaa, nguzo. Lakini hunyonya maji na kuinyima nafasi mimea iliyo chini yake, na mwenye shamba anayeupanda juu kabisa ya mteremko mara nyingi amemuuzia jirani wa chini ukame.

Kisha kuna mji. Maganda ya ndizi, ya mihogo na ya viazi, majani ya kabichi, mabua: vyote vilivyotoka vilimani vinaozea sokoni au vinasombwa hadi mto Kimemi. Chukudu zilizoteremsha mzigo hurudi na nafasi. Mboji ya takataka za soko ina kazi ya kuondoa plastiki na betri kabla ya kuoza, na hapo ndipo wengi huchoka. Lakini potashi ya lile lori la asubuhi imelala hapohapo, kwenye rundo linalonuka.

Bei ya kujua kabla mchuuzi hajafika

Chukua mfano wa shamba la are 10 la viazi ulaya, yaani mita 1,000 za mraba. Namba zinazofuata ni za mfano tu. Kila mtu aweke za kwake. Kodi dola 15. Vibarua dola 20. Dawa ya mildiu, ugonjwa unaobabua majani wakati wa mvua, dola 10. Magunia na usafiri dola 15. Jumla dola 60. Mavuno kilo 800, mchuuzi anatoa senti 15 za dola kwa kilo. Pesa iliyoingia ni dola 120. Wengi hufunga daftari hapa na kusema faida ni dola 60.

Mbegu je? Are 10 zinahitaji kilo 200 hivi, na kwa sababu zilitoka stoo ya nyumbani zimesahaulika. Kwa bei hiyohiyo ni dola 30. Na udongo? Kilo 800 zimeondoka na kilo 4 za potashi, karibu nusu mfuko wa NPK. Mfuko ukiwa dola 40, hapo kuna dola 20. Gharama sasa ni dola 110, faida dola 10, na bado siku za kazi za mama, baba na watoto hazijahesabiwa. Gawanya dola 110 kwa kilo 800: karibu senti 14. Hiyo ndiyo bei ambayo chini yake mkulima anamlipa mchuuzi ili achukue viazi. Ni namba moja tu, inaweza kuandikwa kwa makaa mlangoni, na mwenye kuijua anazungumza tofauti lori likisimama.

Kujua bei hakutoshi ikiwa Septemba imefika. Msimu B huvunwa kati ya Juni na Agosti, na shule hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari, sare na madaftari vinataka pesa. Wote wanauza wiki zilezile, bei inaanguka, na miezi michache baadaye familia zilezile zinanunua maharagi sokoni kwa bei ya juu. Ushauri wa kawaida ni kuhifadhi: kukausha maharagi vizuri na kuyafunga kwenye pipa au mfuko usiopitisha hewa, wadudu wafe kwa kukosa pumzi. Ushauri ni mzuri kwa Butembo mjini. Kwa kijiji kilicho kando ya msitu wa Mbau, ghala lililojaa ni mwaliko kwa wenye bunduki, na mtu anayeuza mapema kwa bei duni anaweza kuwa amenunua usingizi.

Kuna pia mwizi asiye na bunduki. Mbolea na dawa, nyingi zikipita mpaka wa Kasindi kutoka Uganda, hupangwa bei kwa dola. Mboga na maharagi huuzwa kwa franka. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwisho wa mwaka huo ilipita 2,600. Aliyeuza Januari na kuweka franka chini ya godoro hadi Desemba alipoteza karibu robo ya mbolea yake bila kugusa noti hata moja.

Kakao mbichi, kakao kavu

Beni, iliyo chini zaidi na yenye joto, ina somo lake. Robusta ilikuwa pesa ya watu hapa hadi ugonjwa wa kunyauka, trakeomikosisi, ulipoua mikahawa shamba baada ya shamba. Kakao ikachukua nafasi. Kwa udongo ni zao la huruma zaidi kuliko viazi: majani yake hufunika ardhi, mvua haipigi moja kwa moja, na maganda ya matunda, yenye potashi nyingi, yanaweza kurudishwa shambani baada ya kuozeshwa vizuri, kwa kuwa yakitupwa mabichi hubeba ugonjwa wa kuoza kwa matunda.

Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, kitu ambacho soko hilo halikuwahi kukiona. Mwaka 2025 ikashuka sana. Wakati wa kupanda, wezi walipanda nayo: matunda yakakatwa usiku, na makundi yenye silaha yakavuna mashamba ambayo wenyewe waliyakimbia. Mkulima akaanza kuuza kakao mbichi siku ileile ya kuvunja matunda, ili asilale nayo.

Hapa pia kuna namba moja. Kilo 100 za kakao mbichi, zikichachushwa siku tano hadi saba chini ya majani ya mgomba na kukaushwa juani, hubaki kilo 35 hadi 40. Kilo moja kavu basi imekula mbichi karibu mbili na nusu hadi tatu. Ikiwa bei ya kavu haifiki mara tatu ya bei ya mbichi, faida ya kukausha inaanza kuwa ndogo kuliko kazi na hatari yake, na anayeuza mbichi hajakosea. Ikifika mara nne, anamwachia mnunuzi pesa nyingi, na inafaa majirani kumi wakaushe pamoja mahali penye ulinzi, kila mmoja na mzani wake na jina lake kwenye karatasi.

Vikundi vya akiba, vile vinavyoitwa AVEC au MUSO, vimezoeleka katika miji yote miwili, hasa miongoni mwa wanawake. Sanduku, kufuli tatu, wanachama wanaoweka kidogo kila wiki na kukopeshana kwa riba inayobaki mikononi mwao. Vingi hugawana Desemba, na pesa hupitia kwenye mchele, nguo na nyama ya sikukuu. Kundi la wakulima linaloamua kugawana mwisho wa Agosti hukuta karo, mbegu na mfuko wa mbolea vyote vimesimama mlangoni siku hiyohiyo, wiki chache kabla ya mvua za msimu A, wakati maharagi ya msimu B yakiwa bado ndani ya pipa.